Ua la uani lililozaa dawa ya saratani ya watoto

Wengi wanalo nyumbani bila kulijua jina. Ni mmea mfupi wenye maua ya petali tano, meupe au ya rangi ya waridi, mara nyingi yakiwa na kitone cha rangi nyingine katikati. Huota kwenye kopo la rangi lililokwisha, kwenye nyufa za ngazi za shule, na makaburini ambako hakuna anayekwenda kuumwagilia. Wauza maua huuita vinka. Kitaalamu ni Catharanthus roseus, na kwao ni Madagaska.

Kwenye majani ya mmea huo ndiko zilikopatikana vinblastini na vinkristini, dawa mbili zilizobadili matibabu ya saratani duniani. Mpaka leo, mtoto anayelazwa kwa saratani ya damu katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa kawaida huchomwa vinkristini tangu wiki za mwanzo za matibabu.

Habari hiyo ni ya kweli. Ikifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mara nyingi huwa imekatwa nusu: limebaki ua, imeondoka sindano. Na kwa mzazi ambaye mtoto wake ana uvimbe shavuni, huku nauli ya kwenda hospitali ya rufaa ikiwa ni ya kukopa, nusu hiyo inaweza kuamua kila kitu. Bibi anamjua mtu aliyepona kwa majani. Mjomba ametuma picha ya mmea. Baba anaona wasubiri mwisho wa mwezi. Kikao cha namna hiyo hakifanywi na watu wajinga. Hufanywa na watu wanaompenda mtoto na wanaoogopa neno kansa, na ndiyo maana inafaa waijue habari yote.

Bahasha ya majani 25

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Canada, Clark Noble, alipokea kwa posta bahasha yenye majani 25. Ilitoka Jamaika, ambako watu walikuwa wakichemsha majani ya mmea huo na kunywa kama chai ya kushusha sukari mwilini. Noble huyu tayari alikuwa na historia na kisukari. Inasimuliwa kwamba mwaka 1921 yeye na mwenzake Charles Best walirusha sarafu kuamua nani aanze kumsaidia Frederick Banting kwenye utafiti uliokuja kuzaa insulini. Noble alishindwa, na jina lililoingia vitabuni likawa la Best.

Majani alimpelekea mdogo wake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert aliwanywesha panya maji ya majani hayo. Sukari yao haikushuka. Kwa kifupi, ile chai haikufanya lolote.

Akajaribu njia nyingine, akawachoma sindano. Safari hii panya walikufa ndani ya wiki moja hivi. Walipopasuliwa ilionekana kwamba sukari haikuwa sababu. Walikufa kwa maambukizi ya bakteria, kwa kuwa chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili, zilikuwa zimeporomoka, na uboho wa mifupa yao umeharibiwa.

Mtafiti mwingine angeweza kutupa majani yaliyobaki. Noble alijiuliza swali lililoonekana la ajabu: kama kitu hiki kinaua chembe nyeupe, kitafanya nini kwa mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe zimezidi na kuharibika? Huyo ndiye mgonjwa wa saratani ya damu.

Mwaka 1954 alijiunga naye mkemia, Charles Beer, na kazi ya kuchambua majani ikaanza. Kwenye mmea huo mmoja kuna kemikali zaidi ya mia moja za jamii moja, na nyingi hazina faida yoyote kwa saratani. Vinblastini ilitangazwa mwaka 1958. Wakati huo huo, kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ilikuwa ikiuchunguza mmea huo huo kwa njia yake, na mkemia wake Gordon Svoboda akaipata ndugu yake, vinkristini. Dawa hiyo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kueleza. Seli ikitaka kugawanyika kuwa mbili, ndani yake hujengwa nyuzi nyembamba zinazovuta nusu ya vinasaba upande huu na nusu upande ule. Vinkristini hushika malighafi ya kujengea nyuzi hizo. Seli hukwama katikati ya kugawanyika, kisha hufa. Seli za saratani, kwa kuwa hugawanyika kwa fujo, ndizo zinazoumia zaidi, lakini na nyingine za mwilini huumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtoto aliyepata aina ya saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi utotoni alikuwa karibu na hakika ya kufa. Chini ya mmoja kati ya kumi alipona. Leo, katika nchi tajiri, karibu tisa kati ya kumi wanapona. Vinkristini haikufanya hilo peke yake. Ikitolewa yenyewe tu, ugonjwa hupungua na kurudi. Ni ratiba ya dawa kadhaa, kwa zamu, kwa miaka miwili au zaidi, iliyobadili hesabu.

Uvimbe wa taya na safari ya Burkitt

Upande wa pili wa habari hii ulianzia Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Haukuwa usaha wala jino. Muda mfupi baadaye akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo katika hospitali nyingine, akaanza kupekua kumbukumbu. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo unabeba jina lake.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kuendesha kilomita zipatazo 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuonyesha picha za watoto wenye uvimbe ule. Walitaka kujua unaishia wapi. Walichokipata ni kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, kule kule kunakostawi malaria. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao. Mwaka 1964, kutokana na uvimbe wa watoto wa Uganda, watafiti wa London waligundua kirusi cha Epstein-Barr. Siku hizi inafahamika kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria inayojirudia tangu utotoni, vinachangia ugonjwa huu. Ndiyo maana maeneo ya Ziwa Victoria na ukanda wa pwani yamo ndani ya ramani yake.

Jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua zaidi ni mwendo wake. Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote kwa binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Uvimbe uliokuwa kama ndimu Jumapili unaweza kuwa mwingine kabisa Jumapili inayofuata. Wiki mbili za kujaribu majani kwanza, ambazo kwa ugonjwa mwingine zingekuwa wiki mbili tu, hapa zinaweza kumhamisha mtoto kutoka hatua ya kupona kirahisi hadi hatua ya uvimbe kushuka tumboni na kuingia kwenye uti wa mgongo.

Kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Seli zinazogawanyika mfululizo ndizo dawa inazozikamata vizuri. Burkitt mwenyewe alishuhudia taya za watoto zikirudi hali ya kawaida baada ya dozi chache, na mwaka 1967 Kampala ilianzishiwa kituo cha kutibu ugonjwa huu, kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Vinkristini, ile ya ua la uani, imo katika dawa zinazotumika.

Kikombe na sindano

Kwa nini basi mzazi asichume majani akachemsha?

Sababu ya kwanza ni kiasi. Ili kupata gramu 1 ya vinblastini ilikadiriwa kwamba zinahitajika kilo 500 za majani makavu. Vinkristini ni adimu zaidi kwenye jani. Hakuna kikombe kinachoweza kubeba mzigo huo, na dawa hizi zikinywewa hazifyonzwi vizuri tumboni. Panya wa Robert Noble walishalijibu swali hilo mwaka ule wa majani 25.

Sababu ya pili ni kwamba kilichomo kwenye jani hakipimiki. Mtoto wa kilo 20 hupewa takriban miligramu 1.2 za vinkristini kwa dozi moja, uzito wa punje mbili hivi za sukari. Daktari hupiga hesabu kwa uzito na urefu wake, na wiki inayofuata huipiga tena. Ikizidi kidogo, mishipa ya fahamu huumia. Dawa hii huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na ikichomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo huua, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka iandaliwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano. Mmea wenyewe ni sumu ukiliwa. Kumnywesha mtoto maji yake mazito kunaweza kumtapisha na kumdhoofisha bila kuigusa saratani.

Wapo watakaosema dawa za hospitali nazo ni sumu. Ni kweli, na daktari yeyote wa saratani atakubali. Tofauti ni kwamba sumu ya hospitali imepimwa, inajulikana inatoka mwilini lini, na kuna mtu anayeangalia damu ya mtoto kila inapotolewa.

Kichaka cha Shimba Hills

Pwani ya Kenya nayo ina kisa chake, ingawa hakisimuliwi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi wa Marekani walipata kwenye kichaka cha Ethiopia kemikali kali waliyoiita maitansini. Kichaka cha ukoo huo huo, Maytenus buchananii, kilikutwa kikiwa na kiasi kikubwa zaidi katika Shimba Hills, Kwale. Mwaka 1976 zilivunwa huko takriban tani 27 kwa ajili ya majaribio.

Majaribio yalikwama. Maitansini iliua seli za saratani kwa nguvu ya ajabu, lakini wagonjwa walidhurika kabla ya kufika kiwango cha kuwafaa. Kama ingekuwa dawa ya mtaani, hapo ndipo ingeanza kuuzwa. Badala yake iliwekwa kando kwa miaka. Baadaye watafiti walipata njia ya kuifunga kwenye protini inayotafuta seli za aina fulani ya saratani ya matiti, ili sumu ifunguliwe ndani ya seli hiyo. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2013. Tangu mavuno ya Kwale ilikuwa imepita miaka 37, na siku hizi kemikali hiyo hutengenezwa kwa kutumia bakteria, si kwa kukata vichaka.

Mti wa myuu wa Marekani, uliozaa paklitakseli, nao ulipita njia ndefu: magamba yake yalikusanywa mwaka 1962, dawa ikaruhusiwa mwaka 1992.

Stafeli na ahadi zake

Kwa sasa mmea unaotajwa zaidi Afrika Mashariki si vinka wala kichaka cha Kwale. Ni mstafeli. Majani yake huuzwa yakiwa yamekaushwa, kwa maelezo kwamba yana nguvu mara 10,000 kuliko kemotherapi.

Kuna chembe ya ukweli ndani yake. Kemikali za mstafeli huua seli za saratani ndani ya kisahani cha maabara. Lakini kwenye kisahani seli huuawa na vitu vingi, hata jiki. Swali ni kama kitu hicho kikimezwa kitafika kwenye uvimbe kwa kiasi cha kutosha bila kumuumiza mwenye uvimbe, na kwa mstafeli hakuna jaribio la binadamu lililoonyesha kwamba unaponya saratani. Kinachojulikana ni onyo: katika kisiwa cha Guadeloupe watafiti walihusisha matumizi ya muda mrefu ya matunda na chai ya mimea ya jamii hiyo na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Kula stafeli lililoiva kama tunda si tatizo. Kumnywesha mtoto mgonjwa chai ya majani yake asubuhi na jioni kwa miezi ni jambo jingine.

Watanzania na jirani zao hawajasahau mwaka 2011, foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, na kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kilichochemshwa kutoka mti wa mugariga. Kilitajwa kutibu kisukari, Ukimwi na saratani. Wapo wagonjwa waliokwenda wakiwa wametoka hospitali, na wapo walioacha dawa waliporudi.

Gharama ya uamuzi huo imewahi kupimwa Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 281 wa saratani ambazo bado hazikuwa zimesambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake. Uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara 2.5 ya wale waliotibiwa kwa njia za kawaida.

Dalili, na maneno ya kumwambia daktari

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Dawa kukosekana ni sababu mojawapo, na nyingine ni kuchelewa kugundulika na matibabu kuachwa njiani.

Uvimbe wa taya, shingo au tumbo usiouma na unaokua ni wa kupelekwa hospitali wiki hiyo hiyo. Vivyo hivyo homa isiyoisha ilhali kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, weupe wa viganja, michubuko isiyo na sababu, damu za pua au fizi za mara kwa mara, maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku, na kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika. Kuna dalili moja ambayo simu yenyewe inaweza kuionyesha: kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa flashi, mboni ya jicho moja inang'aa nyeupe kama jicho la paka. Hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho. Dalili hizi mara nyingi huwa ni za ugonjwa mwingine mdogo, na hilo nalo ni jibu la kufuatwa hospitali.

Zahanati ikimpa mtoto dawa ya jino au ya usaha na uvimbe ukaendelea kukua, mzazi ana haki ya kuomba barua ya rufaa bila kungoja dozi ya pili iishe. Wodi za saratani za watoto zipo Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha husaidia familia, na pia Bugando, Mwanza. Kenya wako Kenyatta, Nairobi, na Moi, Eldoret.

Matibabu yakianza, wiki za mwanzo ndizo zinazovunja moyo. Mtoto aliyeingia akitembea ananyonyoka nywele na kukataa chakula, na ndugu wanaona dawa ndiyo inayomuua. Vinkristini ina madhara yake ambayo mzazi akiyajua hashtuki: taya kuuma siku chache baada ya sindano, vidole kufa ganzi, kutembea akinyanyua miguu juu kama anayevuka tope, na zaidi ya yote kufunga choo. Kwa choo, asipewe dawa ya kienyeji ya kuharisha wala asiingizwe bomba la maji nyumbani. Kinga yake iko chini, na kijeraha kidogo tu huko kinaweza kuingiza bakteria kwenye damu. Hospitali ina dawa salama ya kulainisha. Homa katika kipindi hiki ni dharura, hata usiku wa manane.

Wazazi wengi huficha majani wanayotumia kwa kuogopa kufokewa. Ni afadhali wafokewe. Vinkristini huvunjwavunjwa na ini, na kitu chochote kinachoichelewesha kazi hiyo, hata baadhi ya dawa za fangasi na juisi ya balungi, kinaweza kuifanya dozi ya kawaida kuwa kubwa mno. Njia rahisi ni kuipiga picha chupa, pakiti au jani lenyewe kabla ya kutoka nyumbani, kisha kumwonyesha daktari pamoja na siku mtoto alipoanza kunywa, kiasi gani, na mara ya mwisho lini.